Mifupa ya Mwanasimba wa Gumbo

Mjukuu wangu Chebet,

Nakusalimu kutoka New Site. Mjomba wako amepona malaria na sasa anakula kutushinda sote. Umeniuliza kupasua mizoga kuna faida gani, ilhali mnyama ameshakufa.

Nilipokuwa daktari kijana wa wanyama hapa Juba, tajiri mmoja wa mtaa wa Gumbo alifuga mwanasimba kizimbani ili wageni wa hoteli yake wapige picha naye. Mwanasimba akafa. Tajiri akadai mpishi wake, Achol, amemtilia sumu. Nilipoitwa, yule mama alikuwa ameshafungwa.

Nikampasua mwanasimba. Kwenye ini na figo sikuona dalili ya sumu, lakini kisu kilipita mbavuni kama kinakata muhogo uliochemshwa. Nikatazama vipande vya mfupa kwa hadubini: vilikuwa vimelika kwa kukosa madini ambayo simba huyapata kwa kutafuna mifupa. Tajiri aliamuru alishwe minofu mitupu, eti mifupa inachafua kizimba!

"Andika sumu, daktari," akaniambia. "Achol ni nani?"

"Ni mtu," nikamjibu. "Na aliyemuua simba ni wewe."

Kwa ripoti yangu Achol akaachiliwa, bila kuambiwa hata malesh, yaani samahani. Muda si mrefu, kizimbani mkawa na mwanasimba mwingine! Damu yangu inachemka hadi leo. Nikasimama katikati ya wageni, nikawaeleza kwa sauti kilichomuua wa kwanza. Tajiri alinifukuza kama mbwa, lakini jioni ile mwanasimba alitupiwa mbavu za mbuzi, akazitafuna zote.

Akupendaye,
Nyanya