Ukurasa Wangu Umehama, Ufungulie Mlango

Nyumba ya fundi viatu,
Chumba cha nyuma.
Jumapili.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Kazi zinakwendaje, na wifi ameacha kukohoa? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mpwa wako anaota meno, basi usingizi kwetu ni hadithi. Nimechoka, kaka, mpaka mchana nasinzia na sindano za kufumia mkononi. Naandika kwa sababu kwenye simu analia, tunaacha kila jambo nusu. Nikimaliza nitaipiga barua picha, mbele na nyuma, nikutumie.

Ule ukurasa wa mtandaoni ulionitengenezea watu waagizie sweta, fundi kompyuta ameuhamisha, maana kampuni iliyokuwa ikiuhifadhi ilikuwa inafunga. Anwani mpya, sura ileile. Ila mtu akibonyeza "Agiza", kimya.

Fundi ameutazama, akacheka. "Dada, ukurasa wako unapiga hodi kwenye seva ya kaka yako, lakini kule wanaijua anwani ya zamani tu. Hii mpya ni mgeni, haifunguliwi."

Nikamwambia basi fungua wewe.

"Mlango hufunguliwa na aliye ndani."

Yaani wewe, kaka. Programu inayopokea oda iko huko kwako, na ndiyo inayoamua nani aingie.

Sasa mwalimu mkuu wa chekechea alikubali watoto wote wavae sweta zangu, wazazi wachague saizi humo humo kwenye ukurasa. Wamebonyeza weee, wakachoka, wakamrudia yeye. Jana alinisimamisha dukani mbele za watu: "Mama Kichuna, mimi si tarishi wako! Kitufe kisipofanya kazi kufikia Ijumaa, nawapeleka kwa muuza mitumba." Hii ndiyo kazi kubwa ya kwanza tangu nijifungue.

Anwani mpya iko nyuma ya karatasi, herufi kwa herufi. Iongeze kwenye hiyo programu, kisha nijulishe nijaribu mwenyewe kabla ya kuwaita wazazi.

Nisalimie wifi, na shangazi, na binamu Kibonge, mwambie apunguze maneno. Mungu awalinde, awape na usingizi ambao mimi sina.

Najua nawe una yako huko. Ila sikukaa bure. Nimeshaanza sweta moja ya bluu, saizi ndogo kuliko zote, maana chekechea yoyote haikosi kadogo kanakosikia baridi.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Kichuna