Filamu Bubu za Baba

3 Machi

Baba,
Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, kazi tu imeniganda. Hapa kwenye hifadhi ya filamu nasafisha sinema za Kijerumani za miaka mia iliyopita, zile zisizo na sauti. Mwanzoni nilicheka: watu wamejipaka poda kama wameangukia unga, madirisha yamepinda, vivuli vimechorwa ukutani kwa rangi. Siku ya tatu kicheko kikakatika. Wote wale wamekufa, na bado wananitazama kana kwamba nimewakatiza wakizungumza.
Kaka anasema masikio yako yamekwisha kabisa na hutoki chumbani. Nakutumia diski tatu. Hizi hazidai masikio.
Mwanao

28 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Mgongo ni ule ule, ila nakula vizuri. Diski nimezitazama hadi kaka yako ananishangaa. Kwa mara ya kwanza sikuachwa nyuma. Katika filamu moja, yule mwanamke mgonjwa kitandani anasema mengi, maandishi ya kwenye skrini yanatupa sentensi moja tu. Basi nasoma midomo yake. Kijerumani sijui, lakini akisema “mama” naona.
Huwa namwona mama yako pale.
Baba yako

9 Aprili

Baba,
Shikamoo. Nimefurahi unakula. Umemtaja Mama. Nilipofika nilikuta kaburi limeshafunikwa, ukaniambia alikwenda usingizini, bila neno. Ni kweli?
Mwanao

19 Juni

Mwanangu,
Hujambo? Nimechelewa, na si kwa ugonjwa.
Mama yako alisema. Alinishika ukosi akasema mara tatu. Masikio yangu yalikuwa yameshaanza kufa, nami nikiona aibu, nikimwitikia kila mtu kwa kichwa. Nikamjibu, “Sawa, mke wangu,” nikaenda kumletea maji. Aliniamini. Aliishi siku mbili zaidi, macho mlangoni.
Sasa nimejua kusoma midomo, na ile yake inanijia kila nikifumba macho. Alisema, “Mwite binti yangu.”
Nisamehe.
Baba yako

30 Agosti

Baba,
Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua yako nimekaa nayo miezi miwili. Nimekuandikia maneno mabaya, nikachana, nikaandika tena. Filamu ya yule mwanamke mgonjwa nimemwachia mwenzangu aisafishe, mimi siwezi.
Sijakusamehe, sitakudanganya. Ila nataka unisimulie siku zile zote, ana kwa ana, pole pole. Nafika Jumamosi asubuhi. Usifunge mlango, maana hodi hutaisikia.
Mwanao