Nyumba Mbili Kwenye Mashine Namba Tatu

UMOJA WA WAPANGAJI, JENGO LA PILI
KAMATI YA CHUMBA CHA KOMPYUTA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA 19 (CHA DHARURA)

Tarehe: Ijumaa, 14 Juni
Mahali: Chumba cha Kompyuta, chini ya ngazi

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (fundi saa, ghorofa ya kwanza)
2. Katibu (karani mstaafu wa mahakama, ghorofa ya pili)
3. Fundi wa Kompyuta, maarufu kama Pengwini
4. Mwalimu (mstaafu, hesabu)
5. Mshonaji (ghorofa ya pili), mleta hoja

ASIYEHUDHURIA
Kinyozi, bila udhuru, kwa mara ya tatu mfululizo

KUMB. NA. 1/19: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi na dakika ishirini alasiri. Aliagiza simu zote zizimwe. Simu iliyolia muda mfupi baadaye ilikuwa yake, akaomba radhi.

Mwalimu alitaka ifahamike kwamba Katibu ni wifi wa Mshonaji, na kwamba kijana anayezungumziwa leo, mwana wa Mshonaji, ni mtoto wa kaka yake Katibu. Aliuliza kama kumbukumbu zitakuwa za haki. Katibu alijibu kwamba ameandika mahakamani miaka thelathini na moja, zikiwemo kesi za ndugu, na hakuna aliyewahi kurudisha karatasi. Mwalimu alisema alikuwa anauliza tu.

KUMB. NA. 2/19: YATOKANAYO NA KIKAO CHA 13
Kikao kilikumbushwa kwamba mwezi Desemba Kamati iliamua kuondoa Windows kwenye mashine zote sita, kwa kuwa ilikuwa imezeeka na mashine zilikuwa zikichukua robo saa kuwaka. Fundi aliweka Linux, mfumo wa bure wenye nembo ya pengwini. Mashine sasa zinawaka kabla mtu hajavuta kiti, na hilo hata Mwalimu halipingi, ingawa alipinga kila kitu kingine.

Mshonaji aliunga mkono uamuzi ule. Kumbukumbu za kikao cha 13 zinaonyesha kwamba aliinua mikono yote miwili. Alieleza leo kwamba hakujua mchezo wake utaondoka pamoja na Windows. "Mimi nilidhani mnabadilisha rangi tu," alisema.

Kwa faida ya wasiofahamu: mchezo wenyewe huchezwa na watu wengi kupitia mtandao, na kila familia hupewa kiwanja, hujenga, hupanda na hufuga. Mshonaji na kijana wake wa mwisho (hapa chini "Kitindamimba", kama anavyoitwa nyumbani) wana nyumba mbili zinazotazamana. Kitindamimba yuko ng'ambo kikazi mwaka wa nne sasa. Ndiye aliyemfundisha mama yake kucheza kabla hajaondoka, akiwa amemsimamia nyuma ya kiti kama mkaguzi.

Mchezo ulitengenezwa kwa ajili ya Windows pekee. Una sheria kwamba nyumba ambayo haijafunguliwa mlango na mwanafamilia yeyote kwa wiki ishirini na sita hufutwa, na kiwanja hupewa mtu mwingine. Mshonaji aliingia kwa mara ya mwisho Jumamosi ile kabla ya mashine kubadilishwa. Wiki ishirini na sita zinatimia kesho.

KUMB. NA. 3/19: JUHUDI ZILIZOFANYIKA, NA JAMBO LA TAREHE 14 MEI
Fundi alieleza kwamba ipo programu iitwayo Wine, ambayo ni kama mkalimani. Mchezo unaomba vitu kwa lugha ya Windows, mkalimani anavitafsiri, na Linux inatoa kilichoombwa bila mchezo kujua uko ugenini. Mchezo uliwaka kwa njia hiyo tangu mwezi Februari. Shida ni kwamba una mlinzi wake wa kuzuia wadanganyifu, na mlinzi huyo akimwona mkalimani mlangoni humhesabu kuwa mwizi.

Mwalimu alisema ndiyo maana yeye alitaka Windows ibaki angalau kwenye mashine moja. Fundi alisema diski ya Windows ilitolewa kwa shule, na aliyeitoa ni Mwalimu. Mwalimu alisema hilo si la leo.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini Mshonaji hakwenda kwenye duka la intaneti. Mshonaji alijibu kwamba alikwenda mara mbili. Mwenye duka alimwambia hawezi kuijaza mashine yake mchezo mzima kwa ajili ya mteja wa saa moja, tena mtu mzima.

Kuhusu tarehe 14 Mei, kikao kilijadili kwa kirefu. Ilibainika kwamba siku hiyo wajumbe watatu, kila mmoja kwa nia njema na bila kuwaambia wenzake, walichukua neno la siri la Mshonaji lililobandikwa ukutani, wakajaribu kumfungulia mchezo kwenye mashine namba moja, namba tatu na namba tano. Mlinzi wa mchezo alimwona mama mmoja akibisha hodi milango mitatu kwa dakika moja. Alimfungia kwa siku thelathini.

Wajumbe hao walikuwa Mwalimu, Kinyozi, na mjumbe wa tatu ambaye Mwenyekiti aliomba asitajwe. Katibu aliuliza kama sababu ni kwamba mjumbe huyo ni Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema ndiyo. Aliomba radhi akiwa amesimama, na Mshonaji alimwambia, "Keti baba, yameisha."

Kifungo kiliisha jana. Fundi aliongeza kwamba wiki mbili zilizopita watengenezaji walitoa mlinzi mpya, ambaye inasemekana anamkubali mkalimani. Hajajaribiwa hapa.

KUMB. NA. 4/19: SWALI LA KATIBU
Katibu aliuliza kwa nini Kitindamimba mwenyewe asipigiwe simu afungue milango, kwa kuwa kompyuta yake ina Windows na haijafungiwa na mtu.

Mshonaji alieleza jambo ambalo wajumbe hawakulijua, na wifi yake anayekaa naye ukuta kwa ukuta hakulijua pia. Kamati imeamini siku zote kwamba mama na mwana hucheza pamoja kila Jumamosi. Mshonaji alisema Kitindamimba aliacha kuja mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita. Alipata kazi ya pili, akachoka, akawa anasema wiki ijayo, baadaye hakusema tena. Tangu hapo Mshonaji amekuwa akiingia peke yake. Hufungua mlango wa mwanawe ili nyumba isifutwe, humwagilia miche yake, huwasha taa, halafu hukaa kidogo.

"Kwenye simu ananiuliza mgongo, namuuliza baridi, tumemaliza," alisema. "Kule alikuwa anakata kuni huku ananihadithia mambo yake yote. Mtoto akiwa na shughuli mkononi ndiyo mdomo unafunguka. Nimemkumbuka mpaka naumwa."

Mwenyekiti alishauri kwamba hiyo ndiyo sababu ya kumpigia. Mshonaji alikataa. "Nikimwambia ataingia kwa kuwa mama kasema. Itakuwa kama nimemtuma dukani."



KUMB. NA. 5/19: JARIBIO
Kikao kiliazimia kwa kauli moja kwamba Fundi ajaribu hapo hapo, kwenye mashine namba tatu, na kwamba safari hii wajumbe wengine wote waweke mikono mapajani.

Fundi alifungua mchezo saa kumi na moja na dakika mbili. Kioo kilikuwa cheusi kwa dakika nne. Mwalimu alisema, "Si nilisema?" Mwenyekiti alimtaka afute kauli, akaifuta. Fundi alieleza kwamba mkalimani hujiandaa kwanza, na mara ya kwanza huwa mzito.

Sauti ilitangulia kabla ya picha. Ulikuwa muziki mdogo wa kufungulia mchezo, wa kawaida kabisa. Mshonaji alisimama aliposikia. Yakatokea maandishi kwamba mlinzi anakagua, na Mwenyekiti, ambaye kazini hurekebisha vyuma vidogo kuliko punje ya mchele bila kutetemeka, alishika ukingo wa meza. Mlinzi aliruhusu.

Mshonaji alikaa kwenye kiti na kuingia. Ndani ya mchezo aliteremka kwa kukimbia kutoka kisimani, ambapo kila mchezaji huanzia, akakata kona bila kuangalia herufi za kibodi. Katibu amemfahamu wifi yake miaka ishirini na tisa na hajawahi kumwona akikimbilia kitu.

Nyumba ya Kitindamimba ilikuwepo na taa ilikuwa inawaka. Mshonaji alisema taa haikai zaidi ya wiki moja bila kuwashwa upya. Mwalimu alianza kupiga hesabu ya wiki kwa sauti.

Nyumba ya Mshonaji, ng'ambo ya pili ya njia, nayo ilikuwepo. Miche ilikuwa imemwagiliwa. Mlangoni kuna kibao kinachoonyesha nani alifungua na siku gani. Mshonaji hakuvaa miwani, hivyo Katibu aliombwa kukisoma. Kibao kilionyesha kwamba mlango ulifunguliwa Jumamosi iliyopita na Kitindamimba, na Jumamosi ya kabla ya hiyo, na ya kabla yake. Katibu alisoma mpaka chini. Zilikuwa Jumamosi ishirini na nne, hakuna iliyorukwa. Fundi alieleza kwamba mchezo hutuma taarifa mwanafamilia asipoonekana kwa wiki moja. Kijana alipata taarifa akaingia, hakumkuta mama, akarudi wiki iliyofuata.

Mshonaji aliuliza kwa nini mtoto hakusema kitu kwenye simu. Baadaye alisema mwenyewe kwamba Januari mtoto alimuuliza, "Mama, umechoka na mambo yetu?" naye akadhani anamuuliza habari za cherehani. Alimjibu kwamba ndiyo, amechoka, umri umekwenda.

Mwenyekiti alitangaza mapumziko ya dakika kumi ambayo hayakuwa kwenye ajenda. Wakati wa mapumziko Fundi alisafisha miwani yake na Mwalimu alitazama ukuta. Mwalimu alimwambia Fundi kwamba mashine imefanya kazi vizuri. Katibu anaiandika kauli hiyo kwa kuwa haijawahi kutolewa kabla.

KUMB. NA. 6/19: MAAZIMIO
(i) Mashine namba tatu isiguswe, isifutwe vumbi, isiboreshwe na mtu yeyote bila Fundi.
(ii) Neno la siri libanduliwe ukutani leo.
(iii) Kesho, Jumamosi, chumba kifunguliwe kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mshonaji alisema hajui kijana huingia saa ngapi, kwa hiyo atakaa. Mwenyekiti atakuja na ufunguo mwenyewe. Mwalimu alijitolea kuleta chai.

KUMB. NA. 7/19: KUFUNGA KIKAO
Kabla ya kufunga, Mshonaji alitaka kuacha ujumbe ndani ya nyumba ya mwanawe, endapo kesho mashine itagoma. Kwa kuwa hakuwa na miwani, alimwomba Katibu amwandikie. Mwenyekiti aliomba ujumbe uwe mfupi, na kikao kikaidhinisha maneno haya: "Sijachoka na mambo yetu. Nipo. Mama."

Katibu aliandika kama ilivyoidhinishwa. Chini yake aliongeza: "Na shangazi yako yupo, anakusalimia sana." Sentensi hiyo haikuletwa mbele ya kikao. Mwenyekiti aliiona, akauliza kama ifutwe. Mshonaji alisema iachwe.

Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na mbili na dakika tano jioni.

Sahihi: ........................
Mwenyekiti

Sahihi: ........................
Katibu