Mashine Imesema Fe

Jumatatu, 3 Machi
Bila mimi mji huu usingejua shaba wala risasi. Wahandisi wa reli waliniletea injini nzima, nikailamba mara moja, nikawatajia kila kilichomo. Mpaka leo wananiogopa! Sasa bosi kanunua mashine. Iko kama drili. Unaibandika kwenye skrapa, vyuma chakavu vya yadi yetu, unabonyeza, kioo kinaandika. Na kampa nani aishike? Mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyeingia yadini juzi na kucha bado nyeupe. Kiti cha getini ni changu. Mimi ndiye ninayesema hii shaba, hili bati. Atakikalia nikifa.

Jumanne, 4 Machi
Bi Atomu, ndivyo ninavyomwita huyo mpwa, katuhutubia wakati wa chai. Eti mashine inapiga eksirei, atomu inashtuka, inarudisha mwale wake — kila aina na wake, kama sauti ya mtu kwenye simu. Eti shaba ina protoni ishirini na tisa. Ikipungua moja si shaba tena, ni nikeli. Nikamuuliza nani alizihesabu, alichungulia tundu gani? Vijana wakacheka. Walimcheka yeye, naapa! Akajibu kwa ile adabu yake ya sumu: "Hazichunguliwi, mjomba. Zinajitaja." Nilimbeba mgongoni huyu!

Bosi kasema Ijumaa anaamua nani akae getini.

Jumatano, 5 Machi
Nimewamaliza! Bi Atomu katumwa yadi ya pili, mashine kaiacha mezani. Kaja mtu na sufuria kubwa, linang'aa mpaka unaona ndevu zako. Sumaku ikakataa kushika. Basi si chuma, hilo nalijua tangu tumboni mwa mama. Nikabonyeza. Al ni aluminiamu, Zn ni zinki, hizo hata mbuzi angekisia. Hapa kioo kikaandika Fe, na namba kubwa pembeni. Fe! Nikapiga kelele yadi nzima: FEDHA! Bosi akalibeba sufuria kama mtoto mchanga, akalifungia kabatini. Sonara anakuja Ijumaa. Hakuna haja ya kusubiri — kiti changu! Bi Atomu kesho anachambua plastiki.

Alhamisi, 6 Machi
Karudi. Kauliza mashine ilisema nini. Fe, nikamwambia.
"Na Fe ni nini, mjomba?"
Fedha, we mtoto! Herufi si zinajieleza?
Akainama, mabega yanamtetemeka. Nikadhani analia. Nikafurahi.
"Haya, mjomba. Kapime na kufuli la geti."
Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Kufuli — Fe. Nyundo — Fe. Mlango wa choo, kutu tupu — Fe! Ama yadi nzima ni fedha, ama Fe ni chuma.

Na sumaku je? Bi Atomu kanijibu kupitia huo huo mlango wa choo, mimi nimejifungia ndani: sufuria ni chuma cha pua, kina nikeli na kromiamu ndani, sumaku haikishiki. Fedha ingeandikwa Ag. Ag! Nani alipanga upuuzi huu?

Sonara kafika. Bosi anaita: "Mzee wa fedha! Njoo na mashine yako!" Bi Atomu bado kasimama hapo nje. Ananong'ona, nyoka yule: "Mjomba, utasema mwenyewe au niseme mimi?"

Nimemjibu tumbo linaniendesha. Haliniendeshi. Nimekaa tu juu ya ndoo, mashine mapajani, mlango nimeuzuia kwa mguu.