Gari Lina Matairi

Ifakara, Jumanne

Nilimwambia. Mwezi mzima nilimwambia baba mdogo kwamba gari lake la kulala watalii linachomekwa kwenye umeme huu huu wetu, na mashine za kukoboa mpunga zikizimwa unapanda ghafla. Tununue stabilaiza, ile ya kutuliza umeme. Hata dukani nilimwonyesha ipi.

"Gari lina matairi," akasema. "Umeme utalifanya nini?"

Nikalichomeka hivyo hivyo. Ni baba mdogo.

Leo jioni umeme umepanda. Friji, feni, chaja ya betri, vyote vya garini vimeungua, na kesho wageni watamuuliza dereva, yaani mimi.

Nimemfuata kwake. Shikamoo, marahaba. Chini ya televisheni yake kuna stabilaiza mpya, ile ile niliyomchagulia.

Nikamuuliza, na hii?

"Televisheni haina matairi," akanijibu, macho kwenye mpira.