Eliza, Siku Ulipompisha Mtoto wa Kamsamba

Mwanangu Eliza,

Mvua zimeanza huku Hasamba, na imerudi ile baridi iliyokuwa ikikuingia mifupani. Ulipokuwa mdogo nilikukanda miguu kwa maji ya moto jikoni, nawe ukinielekeza, "Baba, hapo. Bonyeza hapo." Sikoseli, ugonjwa huo wa damu, tulikurithisha mimi na mama yako bila kujua. Hukutulaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ukakua, ukawa mwalimu Tunduma. Daktari akatueleza kuna tiba ya seli shina: zinatolewa kwenye uloto, ndani ya mfupa wa ndugu mzima, anawekewa mgonjwa. Mdogo wako Isaka akapimwa, mkalingana. Siku hiyo nililia mbele za watu. Gharama hatukuiweza, ila tulisikia serikali inafikiria kutenga fungu la tiba hiyo na utafiti wake, tukangoja.

Ndipo mbunge akaitisha kikao ukumbi wa kanisa huko Tunduma, asikie maoni ya wananchi. Unakumbuka mchungaji alivyosimama wa kwanza? Alisema hawezi kuunga mkono utafiti unaoharibu mimba changa ili kutibu wengine. Ukanyoosha mkono.

"Mchungaji, utafiti wa namna hiyo upo, na hata mimi unanisumbua. Lakini seli zangu zingetoka kwa mdogo wangu. Yuko hai, amekaa pale nyuma anakula karanga."

Ukumbi ulicheka, na mchungaji akacheka, akasema basi kwa hizo hana neno. Nikajua tumeshinda.

Kisha akasimama mama mmoja wa Kamsamba, mtoto mgongoni. Hakupandisha sauti. Alisema zahanati yao haina hata mtu wa kupima damu, na mtoto wake wa kwanza alimfia njiani kwa malaria, juu ya pikipiki. "Hizo seli ni nzuri," alisema. "Ila sisi bado hatujafika huko."

Mbunge akakugeukia, akakuuliza unasemaje. Nilikuvuta kitenge ukae. Ukasema, "Kama fungu ni moja, lianzie kwake."

Tukienda stendi nilikugombeza. Nilisema umejitupa, na mimi umenitupa. Tulipofika kwenye foleni ya malori ya kwenda Zambia ukasimama, pumzi zimekuishia. "Baba, mimi nimeshafundisha watoto kusoma. Wa kwake hata kutembea bado."

Nilipanda basi bila kukuaga vizuri. Krismasi ulikuja nyumbani, tukala, tukacheka, lakini jambo lile hatukuligusa. Februari maumivu yakapanda kifuani, na hospitali haikuweza kukuokoa.

Mwezi uliopita kikaitishwa kikao kingine, Isaka akanipeleka. Yule mama alinitambua, akauliza, "Mwalimu hajambo?" Nilipomwambia umetutoka, alikaa chini, akajifunika uso kwa khanga. Kwao siku hizi mpimaji wa damu yupo, kwa fungu lile.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Nilisema nimechoka kuona mgonjwa anasimamishwa mbele ya mgonjwa mwenzake, aambiwe achague nani apone. Yatengwe mafungu mawili, na wanaojua haya mambo watuambie wazi seli zinatoka wapi, ili kila mtu aamue kwa dhamiri yake. Yule mama akasimama nyuma yangu. "Na mimi nasema hivyo hivyo." Mbunge aliandika. Hakuahidi kitu.

Watu wananiambia nilizaa mtu mwenye moyo mkubwa. Ni kweli, najivunia. Lakini wewe sitakudanganya. Mtoto wa yule mama anakimbia sasa. Nilimshika kichwa, nikamfurahia kwelikweli. Hata hivyo, ningerudishwa kwenye ukumbi ule leo, nikaulizwa mimi, ningekutaja wewe.

Mama yako na Isaka wanakusalimu. Pumzika, mwanangu.

Ni mimi, baba yako