Kioo Kililala Kifudifudi

Alhamisi, jioni. Salgaa kuna ukungu na mvua, na sina hamu hata ya chai.

Leo nimelia kwenye maabara ya shule. Nilisingizia harufu ya spiriti.

Mradi wetu ni kifaa cha kupima sukari. Kimeng'enya huchukua elektroni kutoka kwa sukari, lakini hakiwezi kuzifikisha kwenye kioo kinachopitisha umeme. Lazima kuwe na molekuli za kuzibeba, kama mhudumu anayetoa sahani jikoni kwenye hoteli ya Mama hadi kwa madereva wa malori mezani. Zetu ni za buluu. Kazi yote ni kuzifanya zishike kioo. Kila tulipokisuuza, buluu iliondoka na maji.

Jana tulikiosha kwa sabuni, kisha spiriti, ndipo tukakiloweka usiku kucha kwenye sahani ya maji ya buluu.

Leo haikuondoka.

Mimi na Akinyi, mwenzangu, tuliruka mpaka Mwalimu Chebet akatukanya. Tukaunganisha nyaya, tukadondosha kimeng'enya na maji ya glukosi. Mshale wa mita haukutikisika. Tukadondosha tena. Wapi!

Akinyi akagusa kioo kwa nyaya, upande mmoja kisha wa pili.

"Aki wewe," akasema, "tumepaka mgongo."

Kioo hiki hupitisha umeme upande mmoja tu, na kwa macho pande zote ni sawa. Upande huo ndio unaopaswa kutazama juu. Aliyekilaza kwenye sahani ni mimi.

Ndicho kioo cha mwisho. Vingine tumevikwaruza kwa kuvisugua.

"Kesho asubuhi mshale usiposonga," Mwalimu akasema, "mashindanoni tutapeleka ule mradi mwingine, taa ya kupasha vifaranga joto."

Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililoniuma.

Tumekigeuza, tumekiosha, tumekiloweka upya. Kimeng'enya kimebaki tone.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa nyuma ya jiko, akijidunga kidole kupima sukari yake.

"Daktari wangu, kile kioo kimeshika?"

"Bado, Mama."

"Basi harakisha, vidole vinaniisha."

Akacheka. Mimi sikuweza.

Lakini kuna jambo haliniachi. Kama buluu ilikubali kushika mgongo, kwa nini isishike tumbo?

Kesho nitakisuuza mwenyewe.